Zamu ya Ndambuki

Kimbo, Ruiru
Jumatano

Mama yangu Kavindu,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Natumaini u mzima, goti limetulia na hii baridi ya Julai, na kuku wako wameacha kutagia kwa jirani. Mimi niko salama hapa Ruiru. Kikohozi kimeisha, na cherehani inaniletea kazi kidogo kidogo, leo kupunguza suruali ya mtu, kesho kushona sare za shule. Shule yenyewe niliachia kidato cha pili, kwa hivyo pale nitakapoteleza katika kuandika, nishike mkono uendelee kusoma.

Najua utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Simu, Mwaitu, kama mwanao anavyokuita mama, mtu huikata. Ukinikatia kabla sijamaliza utabaki na nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo mbaya. Barua hii anakuletea Lynn, msichana wa mlango wa pili, ambaye anauza vitambaa huko Thika. Hajui nilichoandika. Ukimpa chai atakunywa, lakini usimuulize chochote.

Ninaandika juu ya Father, mwanao. Jumapili baada ya saa sita atakuja kwako Makongeni. Kabla hajafika nataka ujue anakuja na nini, kwa sababu vile utakavyompokea ndivyo maisha yake yatakavyokwenda, na yangu, na ya mtu mwingine mdogo ambaye bado hujamwona. Kaa chini kwanza. Kama una maji jikoni, epua.

Unanikumbuka nikipika katika nyumba ya mapadri huko Thika, alikokaa mwanao. Ulikuja na muthokoi wako kwenye kikapu, ukaniambia sisi Waluhya tumefunzwa ugali na kuku tukafikiri masomo yameisha. Ukavua sweta, ukanionyesha namna ya kuchemsha yale mahindi yaliyokobolewa bila kuyavuruga. Siku hiyo uliniita binti yako, na mimi sikuwa nimeitwa hivyo tangu mama yangu azikwe. Sasa fikiria nilivyojisikia siku nilipokuaga nikisema nimepata kazi ya kushona Ruiru, ukaniombea safari njema, na mimi nimesimama mbele yako na mimba ya mwanao tumboni.

Ndiyo hivyo, Mama. Nimeandika na kalamu haikuvunjika. Una mjukuu. Ni mvulana.

Hatukuanza kwa ubaya. Kuna siku Father alirudi kutoka kumzika mtoto mmoja wa shule. Badala ya kwenda sebuleni akaja jikoni, akakaa kwenye kile kistuli cha kumenyea viazi, akaomba chai. Akaniambia kwamba watu wakilia wote humtazama yeye, na yeye akitaka kulia hajui amtazame nani. Mimi sina maneno ya kanisa. Nilimwongezea sukari. Tangu hapo chai yake ikawa ya jikoni. Ilichukua muda mrefu kabla ya kufika pale tulipofika, na tulipofika sote wawili tuliogopa. Hakunilazimisha, wala mimi sikumtega. Watu watakuletea moja kati ya hayo mawili, na yote mawili ni uongo.

Nilipojua nina mimba sikumwambia. Nilifikiri nikiondoka Thika nitamwachia upadri wake ukiwa mzima, kama mtu anayetoka chumbani polepole asiamshe aliyelala. Nilijifungua hapa. Wanawake wa jumuiya yetu ya Mtakatifu Monika walinipikia uji, wakanifulia, na hawakuacha kuuliza baba yuko wapi. Nilisema amesafiri. Beth, mwenyekiti wetu, akasema wanaume wa siku hizi ni kama maji ya mfereji wa hizi ploti za kupanga, unayasikia yakipiga kelele kwenye paipu lakini ndoo haijai. Wote walicheka na mimi nikacheka nao.

Kisha mwezi wa kwanza Askofu akahamisha mapadri kama kawaida yake, na mwanao akaletwa Ruiru. Mimi niliyekimbia. Nilijua nikiwa kanisani, mtoto kwenye kanga, sauti yake ikitoka kwa spika.

Ningebaki kwenye benchi. Hata leo najiambia ningebaki. Lakini unajua vile sisi tusiopokea Komunyo hupanga laini na wengine, tukifunga mikono kifuani, padri anatubariki. Miguu ilikwenda. Nilipofika mbele yake mikono yangu ilikuwa imefunga juu ya mtoto. Father alinitazama, akamtazama mtoto, akaweka mkono juu ya kichwa chake kidogo, na mkono haukutoka. Watu nyuma yangu walianza kukohoa. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa anahesabu miezi.

Wiki hiyo alikuja mpaka mlangoni na hakuingia. Aliuliza kama ni wake. Nikasema ndiyo. Hakuuliza mara ya pili, na kwa hilo nilimpenda zaidi. Alisema anakwenda kwa Askofu siku hiyohiyo. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimuuliza, na Mwaitu je. Akashika chuma cha mlango akasimama hapo, mpaka mwenye duka la mkaa akamwamkia akidhani amekuja kubariki nyumba.

Tukakubaliana kunyamaza, na kunyamaza huko kulimla. Alikonda. Shati la padri likaanza kumning'inia shingoni. Wanawake wakasema Father anafunga, Father ni mtakatifu, wakazidi kumpenda kwa sababu anakonda. Wakampelekea maziwa na ndizi. Mimi nilikuwa nasikia sifa hizo nikipima watu viuno, pini mdomoni, nisiweze kusema kitu.

Sasa nifikie huyu mtoto. Alianza kulia. Si kulia kwa njaa wala kwa kuumwa, maana kliniki walimpima wakasema ni mzima na sauti ndiyo nzima zaidi. Alilia mpaka wapangaji wakaacha kunisalimia. Nikapigia shangazi yangu Selpha huko nyumbani, yule ndugu ya baba ambaye sisi tunamwita senge, naye akaja na begi moja na maneno mengi. Alimsikiliza mtoto kidogo tu akasema huyu anadai jina. Kwetu ndivyo ilivyo, Mama. Mtoto asiyenyamaza, wazee wanamtajia majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, mmoja mmoja, na lile atakalonyamazia ndilo lake. Mimi nilikuwa sijampa jina la nyumbani. Majirani walimwita Kijana tu. Nilikuwa nasubiri nini, hata sijui. Au najua.

Senge alitaka kuanza papo hapo. Nikamwambia ngoja, Jumamosi tuna Misa ya jumuiya hapa kwenye ploti yetu, nina mambo mengi. Kweli mzunguko ulikuwa umenifikia, na Beth alikuwa na mpango wake. Jumuiya yetu haipeleki mtoto kubatizwa bila kujua kwao, hiyo ni desturi yetu, na Beth aliona amenibembeleza vya kutosha. Aliniambia, kwa upendo kabisa, kwamba Jumamosi atamwomba Father mwenyewe amtafute huyo mwanaume na kumwambia maneno makali. Akasema kama naogopa kumtajia yeye Beth, padri sitaogopa kumtajia.

Nilimtumia Father ujumbe asije, aseme ni mgonjwa. Akajibu kwamba padri wa kushika nafasi yake hakuna, na kwamba amechoka kusema yeye ni mgonjwa kwa sababu ni kweli.

Basi Jumamosi ikafika. Tulianua nguo zote kwenye kamba, tukaazima mabenchi, meza ikatandikwa kitambaa nilichokishona mwenyewe. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Father alisoma Misa vizuri. Nisikufiche, Mama, anapoinua ile mikono hakuna mtu anayefanana naye. Nilimtazama nikafikiri, Maxine, hapa ndipo mahali pa huyu mtu, na wewe unataka kumtoa umpeleke wapi.

Mtoto alianza kulia wakati wa matangazo. Beth alisimama, akapandisha sauti juu ya kilio. Akamshukuru Father, akashukuru wenye mabenchi, kisha akasema jumuiya ina jambo. Kuna mwanaume, akasema, mwanaume amekula chakula akaacha sahani kwa meza ya mwingine, na huyu msichana wetu amekuwa mpole mno, hamtaji. Akamwomba Father kama baba yetu wote azungumze na huyo mtu popote alipo, amwambie Mungu anamwona. Wanawake wakasema ndiyo, mwambie Father, mwambie. Mzee mmoja akasema amwambie kwamba na yeye mzee yumo, wakutane na rungu. Watu wakacheka.

Father alisimama pale na stola shingoni. Mimi nilikuwa natazama viatu vyake tu. Niliona kimoja kikisogea nyuma, kisha kikarudi mahali pake.

Hapo kilio kilikuwa kimezidi, hata angesema asingesikika. Senge Selpha akatoka nyuma, akanipokonya mtoto, akamweka begani na kuanza kumtajia majina. Beth akamwambia angoje Misa iishe, hayo ni mambo ya kienyeji. Senge akamjibu kwamba mtoto hajui Misa wala kienyeji, anajua jina lake, na kama Beth ana dawa nyingine alete. Father ndiye aliyewaamua. Akasema kwa sauti ndogo kwamba wamwache mama huyo ataje, hata Kanisa huwaita watakatifu mmoja mmoja kwa majina.

Senge akataja. Makokha, baba yake. Shiundu, babu yetu. Wabwire aliyekufa maji. Aliita mpaka walimu na machifu wa ukoo wetu, na mtoto analia tu, uso umekuwa mwekundu kama nyanya. Mwishowe akageuka kwa watu wote akasema huyu mtoto anakataa watu wetu kwa sababu hakuokotwa kwenye shamba la viazi, ana watu wengine, analilia wa kwa baba yake, na mama yake amefunga mdomo. Hakuna aliyecheka. Ploti nzima ikanitazama. Beth alikuja karibu akanishika bega, akaniambia, sema, binti, hakuna atakayekupiga, Father yuko hapa.

Niliomba kwa moyo wangu wote Father anyamaze. Na kwa moyo huohuo niliomba asinyamaze. Mungu anajua alisikia ombi lipi.

Father akasema, Ndambuki.

Alisema mara moja, si kwa nguvu. Senge akamgeukia, akamuuliza amesemaje, naye akarudia. Wale waliokuwa mbele wakatazamana. Na Beth, ambaye watu humwona mkali, nafikiri aliona shimo likifunguka akataka kulifunika kabla mtu hajaanguka. Akapiga makofi kidogo akasema asante Father, umempa mtoto jina la baraka, haya tuendelee. Alimfungulia njia, Mama. Ilikuwa wazi kabisa, angepita tu. Angesema ndiyo, baraka, tukanywa chai, na leo nisingekuwa ninakuandikia.

Lakini Father alimjibu kwamba si baraka. Akasema ni zamu yake, kwao mvulana wa kwanza humrudisha babu yake.

Hapo hakuna Mkamba wala Mkikuyu aliyehitaji kuelezwa. Wote huwapa watoto majina hivyohivyo. Niliona habari ikipita kwenye mabenchi kama upepo kwenye majani, uso kwa uso. Ni senge peke yake hakuelewa, akauliza kwa ile sauti yake ya sokoni, sasa huyu Ndambuki ni nani. Na mwanao akamwambia ni baba yake, alikuwa mjenzi wa visima, alikufa yeye akiwa darasa la sita.

Utaniuliza kama mtoto alinyamaza. Nisikudanganye, hakunyamaza palepale. Alilia bado kidogo, kisha akapiga miayo, akalala begani mwa senge. Senge anaapa ni jina. Mimi nasema labda alichoka. Lakini tangu Jumamosi hajalia tena vile.

Father alivua stola, akaibusu, akaikunja, akaiweka mezani. Hakutoa baraka ya mwisho. Alisema hastahili kuitoa siku hiyo, akaomba msamaha kwa wote, akaniomba msamaha mimi mbele yao, akatoka. Na watu wakabaki wamekaa, kwa sababu hakuna aliyewaambia Misa imeisha. Kilikuwa kitu cha ajabu kuona watu wazima hawajui kama waende nyumbani. Mwishowe Beth akaanzisha Salamu Maria, ndipo wakaanza kuinuka. Wengine walipita mbele yangu kama wanapita ugonjwa. Mmoja alitema mate. Beth alibaki akaosha vikombe vyote. Nilipomwambia aache akasema vikombe havina dhambi, na mimi nikanyonyeshe.

Father alitoka hapa akaenda moja kwa moja kwa Askofu. Huko hakufukuzwa wala hakupigiwa kelele. Askofu alimwambia apumzike mahali pa sala, afikiri, kisha aje aseme mwenyewe anachotaka, kubaki au kufunguliwa nadhiri. Akamwambia pia kwamba akibaki, mtoto ni wake hata hivyo na lazima amtunze. Jumatatu Father alinipigia akiwa huko mahali pa sala. Hakuacha kuamini, Mama, nataka ulijue hilo. Anasema mikono yake haijawahi kujua kazi nyingine. Anasema akifikiri hatainua tena kikombe cha Misa anahisi kama amekatwa, na akifikiri kwamba mwanawe atajifunza kutembea yeye hayupo anahisi vivyo hivyo, na mtu ana mwili mmoja tu wa kukatwa. Lakini amechagua. Anataka kufunguliwa.

Amebakiza wewe. Askofu hamwogopi. Wewe anakuogopa. Alinikumbusha jinsi ukoo ulivyokusema ulipomtoa mtoto wako wa pekee kwa Kanisa, wakakuambia umelizika jina la mume wako mara mbili, na wewe ukavumilia. Sasa Makongeni nzima wanakuita Mama Father, na wanakupisha kwenye foleni ya maji. Anasema anakuja kukuvua jina hilo mbele ya watu. Akaniambia wazi kwamba akikuona unalia, anaweza kurudi nyuma.

Sasa na mimi niseme langu, maana mpaka hapa nimesema ya wengine. Kila mtu hapa nimemwambia ninamwachia Mungu. Hata Father nilimwambia hivyo, afanye anachoona ni sawa, mimi sitamvuta. Beth akanisifu kwa hilo. Si kweli. Sijaachia mtu yeyote chochote. Kila siku napiga magoti karibu na cherehani na ninachoomba si kwamba arudi madhabahuni. Ninaomba aje. Ninaomba akae na sisi, atafute kazi yoyote, afundishe hata chekechea, arudi nyumbani jioni akiwa na vumbi la chaki, tugombane juu ya chumvi kama watu wengine. Ninampenda, Mama, na nimechoka kujifanya kwamba upendo wangu ni wa kumsindikiza tu. Kama hilo ni kosa, ni bora unihukumu kwa kosa langu la kweli kuliko unisifu kwa upole nisiokuwa nao.

Lakini hata nikimtaka namna hiyo, sitashindana nawe. Ukimwambia Jumapili arudi kwenye upadri na akakusikia, sitakuja Thika kupiga kelele. Nitamlea Ndambuki, nitamfundisha kwamba ana nyanya Makongeni, na siku utakapotaka kumwona nitamleta. Ukitaka kulia pia, lia leo. Kwa hilo nimeandika mapema, ili ulie mbele ya karatasi na si mbele yake. Mjukuu wako ana masikio yaliyosimama na anapenda kushika kidole cha mtu asikiachilie. Nina tumaini kubwa, Mwaitu. Sijui nimelitoa wapi, lakini ninalo.

Nisalimie Magdalene wa hapo jirani, mwambie lile gauni lake nitalimaliza. Senge Selpha anakusalimu, anasema ninyi wawili mkikutana hapatatosha. Beth naye anakusalimu, bila kujua aseme nini zaidi.

Jambo moja la mwisho. Tangu apewe upadri sijawahi kusikia mtu akimwita jina lake, hata wewe uliyemzaa, ulikuwa unamwandalia chakula na kumwambia Father karibu. Mimi mwenyewe nimemwita hivyo katika barua hii yote, kwa mazoea na kwa woga. Jumapili atasimama mlangoni kwako bila ile kola, na hatajua yeye ni nani mpaka umwambie. Mwite Muoki.

Ni mimi ninayekupenda,
Maxine Nekesa,
mama Ndambuki